Kabla Majani Hayajachipua

Ndege hairuki theluji ikiwapo,
wala hairuki mti ukishavaa.
Tuna majuma mawili, labda na siku tatu,
kati ya nguo nyeupe na nguo ya kijani,
wakati Iowa iko uchi na haina pa kuficha kitu.
Ndipo sisi wapima hutumwa.

Saa kumi na mbili asubuhi, nje kidogo ya Cedar Rapids,
mimi na Delmar Kuchera tunaipaka lami rangi:
msalaba mweupe, kila mkono futi nne,
katikati msumari, juu ya msumari mguu-tatu,
na juu ya mguu-tatu sahani
inayosikiliza setilaiti kumi na moja
zikibishana nimesimama wapi.
Dakika ishirini za kungoja zikubaliane.
Delmar anatafuna mbegu za alizeti, anatema maganda.
Kwenu mlikuwa mkipima na nini?
Mnyororo, namwambia, na timazi,
na jicho la Mwalimu Kiondo
aliyeturudisha mlimani, Morogoro, jua la utosi,
kwa kosa la sentimita tatu.
Delmar anacheka. Sentimita tatu, anasema,
hapa watu hupelekana mahakamani.

Mchoro ninao garini, umekunjwa mara nane:
njia nne zitapanda juu ya njia nne,
vitanzi viwili kama mashikio ya birika,
mitaro, madaraja, vigingi vya utepe wa waridi.
Wahenga walisema penye nia pana njia.
Hapa njia zimetangulia.
Nia za watu zitaulizwa kwa barua ya fidia.

Ndege ilipita Jumanne, futi elfu tatu,
ikienda na kurudi
kama mtu anayepiga deki.
Kivuli chake kilitupita mgongoni. Hakikuwa na uzito.
Ijumaa picha zilikuwa mezani kwangu.
Vaa miwani, ardhi inanyanyuka:
mapaa, ghala la nafaka, nguzo mia na sita,
na kila kitu kina namba yake ya kuandikiwa.
Uzio una namba. Kisima kina namba.
Hata kaburi.

Na hiki je?
Mstari mwembamba, mpauko,
unatoka mlango wa jikoni wa nyumba moja,
unakata shamba la mabua,
unapinda kidogo pasipo na kitu cha kuupinda,
unaingia mlango wa jikoni wa nyumba ya pili.
Si barabara. Si mfereji. Hati hazikuutaja.

Nikarudi na buti zangu.
Bi Arlene Novotny alikuwa akianika mashuka,
baridi imeyakausha yakawa mbao.
Ni miguu yangu na ya wifi yangu, alisema.
Miaka arobaini na moja. Yeye huoka, mimi nina kahawa.
Na pale panapopinda?
Palikuwa na mtufaha. Ulianguka zamani,
mwaka ule mume wangu alipostaafu kiwandani.
Miguu haikupata taarifa.

Kitanzi cha kaskazini kitapita hapo,
futi ishirini na mbili juu ya vichwa vyao.
Sikumwambia. Barua ilikuwa juu ya friji,
nimeiona, imefunguliwa kwa kisu, imerudishwa vizuri.
Mimi nilisomea kupima.

Ofisini nilipekua orodha ya namba hadi mwisho,
mia tisa tisini na tisa: mengineyo.
Nikauchora hivyo hivyo, nukta sabini na tatu,
sikuunyoosha.
Usahihi wa sentimita tatu; Mwalimu angetia sahihi.

Jumatatu mhandisi Prudhomme akapiga simu.
Mbona mstari huu umepinda?
Nikamwambia kuna mti.
Nikamsikia akiisogeza picha, akiikuza, akiikuza tena.
Akasema haoni mti.